Siku moja Bali: hekaluni asubuhi, mtoni mchana (mwongozo kamili wa kujipangia ziara yenu wenyewe)

Tangu turudi naulizwa swali lile lile, eti inawezekana kweli siku moja mkashuka mto kwa boti la mpira na mkatembelea mahekalu ya Kihindu na jioni mkarudi hotelini mkiwa bado mnaongea vizuri? Inawezekana. Sisi tulifanya mara mbili ndani ya wiki moja, mara ya kwanza mimi na mke wangu peke yetu na tuliharibu karibu kila kitu, mara ya pili na binamu yake aliyekuja kutoka Muscat na siku ile ikanyooka. Tofauti kati ya siku hizo mbili ni kujua kipi kinatangulia, na kuhesabu ngazi. Ndiyo, ngazi, nitaeleza.

Kwanini Bali na siyo kwingine? Kwa sababu kile kisiwa vitu vyake vimekaribiana. Ukiwa Ubud, katikati ya kisiwa, hekalu la chemchemi la Tirta Empul liko kama nusu saa kwa gari, hekalu la Gunung Kawi ni dakika chache kutoka hapo, la Goa Gajah dakika kumi tu kutoka mjini, na mto Ayung unapita magharibi ya mji wenyewe. Indonesia ni nchi ya Waislamu wengi ila Bali wenyewe ni Wahindu, na dini yao wanaiita pia Agama Tirtha, yaani dini ya maji matakatifu. Kwa hiyo siku ya maji ya ibada asubuhi na maji ya fujo mchana kule haishangazi mtu.

Kabla hujakata tiketi

Viza kwanza. Pasipoti nyingi zinapata viza ya kufikia uwanjani, rupia 500,000 kwa siku 30, lakini orodha ya nchi inabadilikaga, ingia kwenye tovuti ya uhamiaji wa Indonesia uangalie pasipoti yako kabla hujampa mtu hela ya tiketi. Halafu kuna ada ya watalii ya Bali yenyewe, rupia 150,000 kwa kila mgeni, ilianza Februari 2024, unalipa mtandaoni na unabaki na msimbo wa QR kwenye simu. Kadi ya njano ya chanjo beba hata kama huna uhakika utaulizwa, sisi watu wa Afrika Mashariki tunaulizwa sana. Kwa ndege wengi wetu tunapitia Doha au Dubai mpaka Denpasar, uwanja wa Bali.

Msimu: kiangazi chao ni kama Aprili mpaka Oktoba, mvua Novemba mpaka Machi. Mvua haikatazi ziara, ila mto ukijaa wanafunga, na mvua ya kule inapenda kushuka alasiri. Ukienda miezi ya mvua usipange mto jioni kabisa.

Angalia pia kalenda yao. Kuna siku inaitwa Nyepi, mwaka mpya wao, mara nyingi inaangukia Machi, siku hiyo kisiwa kizima kinanyamaza, hakuna kutoka nje, hakuna kuwasha taa za nje, hata uwanja wa ndege unafungwa. Kuna na Galungan, inarudi kila baada ya siku 210, mahekalu yanajaa wenyeji wenye sadaka zao. Kuangalia ni kuzuri mno ila kuogea Tirta Empul siku hiyo au siku ya mwezi mpevu ni kujitafutia foleni, tena ni kuwabana watu kwenye ibada yao.

Jambo jingine ambalo wakala wengi wanaona aibu kulisema: mwanamke aliye kwenye hedhi haruhusiwi kuingia hekaluni, na kuna mabango mlangoni yanasema hivyo. Wenyewe wana sheria nyingine pia, mfano aliyefiwa karibuni naye haingii. Kwa hiyo tarehe ipangeni nyie wawili kwa kuongea, msije mkafika getini mmoja akabaki kwenye gari na soda.

Chagua mto, halafu hesabu ngazi

Mito ya rafti (kushuka mto kwa boti la mpira, ndo tunavyoita sa hizi) ni miwili mikubwa.

Ayung ndio mto mrefu kuliko yote Bali na ndio wa wengi. Ugumu wa maji yake ni daraja la 2 mpaka la 3, yani kama umeshashuka Nile pale Jinja utauona huu ni wa kubembea, ila kwa anayeanza unatosha kabisa kumtoa mtu kelele. Unakaa majini saa moja na nusu mpaka mbili, korongo lina kijani hadi juu, maporomoko madogo yanakumwagikia kichwani, na kuna sehemu kuta za mwamba zimechongwa michoro ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindu. Tatizo la Ayung ni kwamba mto uko chini na barabara iko juu. Unashuka ngazi mamia mpaka majini, na mkimaliza mnapanda mamia mengine, mmelowa, njaa inauma. Mimi ngazi za mwisho nilizipanda nikijifanya napiga picha kila baada ya hatua kumi.

Telaga Waja uko mashariki, upande wa Karangasem, karibu saa nzima kutoka Tampaksiring, kule kwenye Tirta Empul. Huu ni daraja la 3 mpaka la 4, maji ya baridi, mawe mengi, mbio hazikatiki, na karibu na mwisho kuna bwawa ambalo boti linadondoka kama mita nne hivi. Ngazi zake ni chache kuliko Ayung, ila safari ya majini ni ndefu zaidi na barabara inakula muda.

Ushauri wangu: kama kuna mtoto, mama mtu mzima, au mtu anaogopa maji, Ayung. Kama wote ni vijana na mnataka kusimulia, Telaga Waja, lakini hapo kubalini hekalu la kukaa liwe moja tu, jingine mpite kwa muda mfupi. Mjamzito, mwenye moyo au mgongo mbovu, asiingie mto wowote, na watoto kila kampuni ina umri wake, uliza kabla hujamwahidi mtoto.

Mahekalu mawili, basi

Hapa ndipo tulipokosea mara ya kwanza. Ukiongea na dereva atakutajia vituo sita: Tirta Empul, Gunung Kawi, Goa Gajah, mashamba ya mpunga Tegallalang, maporomoko ya Tegenungan, msitu wa nyani, na juu yake kahawa ya luwak. Yote yapo njiani kweli, na yote kwa siku moja utayaona kwa kioo cha gari.

Chagua mawili. Tirta Empul usiliache. La pili chagua kwa miguu yako: Gunung Kawi au Goa Gajah.

Gunung Kawi ni nzuri kuliko zote kwa maoni yangu, ni mahali pa kumbukumbu za kifalme za karne ya 11, minara 10 imechongwa ndani ya mwamba wenyewe, kila mmoja kama mita 7 kwenda juu, mto Pakerisan unapita katikati na mpunga pembeni. Lakini ili uione unashuka ngazi karibu 300 na unazipanda hizo hizo. Sasa jumlisha Gunung Kawi na Ayung siku moja. Sisi tulijumlisha. Kesho yake mke wangu alikuwa anashuka kitandani kinyumenyume.

Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mkienda Ayung chukueni Goa Gajah, ngazi zake ni chache. Mkitaka Gunung Kawi, mto uwe Telaga Waja na Tirta Empul mpite kwa muda mfupi, au ahirisheni mto siku nyingine.

Kutafuta gari na dereva

Gari la binafsi na dereva kwa saa kumi sisi tulilipa rupia 700,000, mafuta ndani, gari zima na siyo kwa kichwa. Dola moja ilikuwa kama rupia 16,000, kwa hiyo ni dola 44 hivi. (Neno rupia lilinichekesha, babu zetu walitumia rupia enzi za Mjerumani, mimi nikawa najihisi tajiri wa 1910.) Usikodi pikipiki kwa siku hii hata kama unaiweza na hata kama kule wanaendesha kushoto kama kwetu, mtakuwa na nguo zilizolowa, begi, uchovu, na bila leseni ya kimataifa bima yako inaweza kukukana. Gari za kuita kwa programu ya simu zipo, ila maeneo ya Ubud madereva wa vijiji hawazipendi na kurudi unaweza kukosa.

Ongea na dereva mambo haya kabla, kwa kuandika: saa ngapi anawachukua, vituo kwa mpangilio, anasubiri au anaondoka, maegesho nani analipa, na kwamba hamtaki kusimama dukani. Hilo la mwisho liseme kwa upole ila liseme, kwa sababu maduka ya fedha, ya vinyago na yale ya kahawa ya luwak yanampa kamisheni. Hiyo kahawa ni ya mbegu zilizopita kwenye tumbo la fungo, na fungo wengi wamefungwa kwenye vitundu, mimi sikufurahi.

Rafti nunua mwenyewe, na uliza bei bila usafiri. Kampuni nyingi zinaweka kuchukuliwa hotelini ndani ya bei, na wewe una gari lako tayari, utalipia usafiri mara mbili. Uliza pia kama bima, chakula, taulo na kabati la mizigo vimo. Na bima yako ya safari isome kama inakubali rafti, nyingine zinaiweka kwenye michezo ya hatari.

Sasa la saa. Jua la Bali linachomoza na kuzama karibu saa zile zile za kwetu, kumi na mbili kwa kumi na mbili, kwa hiyo akili inasahau kwamba uko ugenini. Mimi nilimwandikia dereva atuchukue "jam 1" (jam ni saa) nikimaanisha saa moja asubuhi, akajibu "ok, jam 1 siang", mi nikajua siang ni kama "bosi" vile. Siang ni mchana! Wao wanahesabu saa kama Wazungu, kwa hiyo saa moja asubuhi ni jam tujuh pagi, yani saba za asubuhi. Tulisimama nje ya nyumba ya wageni na mabegi mpaka nikampigia, maskini alikuja mbio, lakini tulifika Tirta Empul saa tatu na robo, mabasi yameshamwaga watu. Andika namba kamili, 07.00, mambo yaishe.

Begi la siku hiyo

Nguo kavu seti nzima pamoja na za ndani, taulo ndogo, mfuko wa plastiki wa nguo zilizolowa, sandali zenye mkanda nyuma ya kisigino (ndala mto utazichukua na hautazirudisha), dawa ya jua, mfuko wa simu usioingiza maji, miwani ifungwe kamba. Noti ndogondogo. Pete na cheni acha hotelini.

Na beba saruni au kanga. Hekaluni lazima ufunge kitambaa kiunoni mpaka chini ya magoti na juu yake mkanda wa kitambaa, mwanamume na mwanamke. Getini wanaazimisha, lakini mke wangu alifunga kanga yake na mimi kikoi changu, wakatuuliza tumeinunua wapi. Mabega yafunikwe. Vya Tirta Empul vya kuogea ni vingine, vinakodishwa pale pale, usiingie majini na cha kwako.

Siku yenyewe

Mkitoka Ubud tokeni saa moja asubuhi, mkitoka Kuta au Seminyak tokeni saa kumi na mbili maana foleni ya kusini haina utani. Lengo ni kuwa getini Tirta Empul wanapofungua, kama saa mbili.

Kwanini hekalu litangulie? Watu wengi wanaweka mto asubuhi "ili tuamke". Matokeo yake unafika hekaluni saa nane, nywele zimesimama, umeshiba, unasinzia, na umati uko kwenye kilele. Asubuhi maji ya pale ni kioo, unaona mchanga ukichemka chini pale chemchemi inapotoka, uvumba unanukia, na wanaooga wengi ni wenyeji. Hekalu hilo liliasisiwa mwaka 962. Hadithi yao ni kwamba mfalme mmoja mbaya, Mayadenawa, aliwawekea sumu askari wa mungu Indra, Indra akachoma ardhi na hiyo chemchemi ikatoka kuwaponya. Kilimani juu ya hekalu utaona jumba, hilo ni ikulu iliyojengwa enzi za Sukarno, rais wa kwanza wa Indonesia.

Kuoga kwao kunaitwa melukat. Ukitaka kushiriki, chukua mwongozaji wa pale pale au fuata wenyeji: unavaa vazi la kukodi, unatoa sadaka ndogo ya maua, unaingia, unaanzia bomba la kushoto kabisa na kuelekea kulia, kila moja unainamisha kichwa chini ya maji. Kuna mabomba mawili ni ya ibada za wafu, yanarukwa, ulizia ni yapi kabla na siyo ukiwa ushafika. Maji usinywe. Ukiwa na kidonda kibichi usiingie.

Na kama imani yako haikuruhusu, usiingie tu, hakuna atakayekulazimisha. Mimi sikuingia, niliona ile ni ibada ya watu na mimi nina ya kwangu, nikakaa kwenye kivuli nikaangalia na nikapata raha yangu. Kilichoniudhi ni wageni wanaoingia kwa ajili ya selfi tu, wanasimama chini ya bomba dakika tatu huku bibi wa watu anasubiri na sadaka mkononi.

Adabu nyingine: usipite mbele ya anayesali, usipande mahali ukawa juu kuliko kuhani, toa na pokea kwa mkono wa kulia (hii tunaijua), na vile vikapu vidogo vya majani ya mnazi vyenye maua chini njiani ni sadaka, vinaitwa canang sari, zunguka usivikanyage.

Saa tatu na nusu ondokeni. Goa Gajah mpeni dakika 45, inatosha. Jina lao linamaanisha pango la tembo ila tembo hakuna, kuna mdomo wa jitu umechongwa kwenye mwamba, unaingilia humo mdomoni, ndani giza, upande mmoja sanamu ya Ganesha, mungu wa Kihindu mwenye kichwa cha tembo, upande wa pili linga tatu, yaani nguzo za mawe za mungu Shiva. Mabwawa ya nje yenye wanawake wa mawe wanaomwaga maji yalifukuliwa 1954 tu, kabla ya hapo watu walikuwa wanapita juu yake.

Msitu wa nyani ukikushawishi njiani, kataa siku hii. Bali ina kichaa cha mbwa tangu 2008, na nyani anayenyang'anya miwani anaweza kukung'ata, safari ikaishia hospitali.

Saa tano muwe mtoni. Mtapewa laifujaketi, helmeti na kasia. Mkaze kamba za laifujaketi mpaka uhisi inakubana, ikipanda masikioni ukivutwa mabegani imelegea. Boti moja linabeba watu wanne mpaka sita na nahodha nyuma. Amri ni chache: maju ni kasia mbele, mundur ni nyuma, stop unaijua, na akipiga kelele "bum bum!" maana yake mnagonga mwamba, shika kamba ya boti na siyo jirani. Miguu ibane chini ya mkunjo wa boti, kinachokushikilia ni miguu. Ukidondoka lala chali, miguu mbele, usijaribu kusimama kwenye maji ya kasi maana mguu ukinasa kati ya mawe maji yanakulaza. Binamu yetu wa Muscat alidondoka dakika ya kumi, akafuata hiyo hiyo, akavutwa ndani anacheka.

Mbele kuna kisimamo cha katikati, wauza madafu wako pale, bei ya mtoni ni kubwa lakini dafu ni dafu.

Mkifika mwisho kuna ngazi zenu, halafu bafu na chakula, mara nyingi wali, tambi, kuku. Neno la kujua ni babi, ndio nguruwe, na kule Bali ni chakula chao cha sherehe kabisa, kwa hiyo uliza. Ayam ni kuku. Ukipata mgahawa wa Padang (chakula cha Sumatra) njiani kwa kawaida ni halali. Maneno mengine hayatakusumbua, meza ni meja, bendera ni bendera, karatasi ni kertas, sabuni ni sabun, na "apa kabar" ni habari yako kabisa kabisa. Asante kwa lugha ya Bali ni suksma, ukiisema kuhani na dereva wote wanatabasamu.

Hela kwa ujumla

Viingilio vya mahekalu tulilipa kati ya rupia 50,000 na 75,000 kwa kila mtu kwa kila hekalu, wanapandisha mara kwa mara kwa hiyo ongeza kidogo. Kukodi vazi la kuogea na kabati ni nyongeza. Rafti ndiyo pesa kubwa ya siku, na bei ya mtandaoni na ya mlangoni zinapishana sana, pata bei tatu kabla hujachagua, ila ya chini mno iogope, uliza hali ya vifaa na kama nahodha ana cheti. Bakshishi kwa nahodha sisi tulitoa 50,000 na kwa dereva 100,000. Angalia sifuri kwenye noti, jioni umechoka 10,000 na 100,000 zinafanana.

Saa tisa alasiri mko huru. Hapo mwambie dereva awapitishe njia ya mashambani na siyo barabara kuu, muangalie mifereji ya subak, ule ushirika wao wa kugawana maji ya mpunga ambao UNESCO iliuweka kwenye urithi wa dunia 2012, na bonde la Pakerisan limo. Kituo hicho hakina kiingilio na unakiangalia umekaa. Hotelini anikeni nguo usiku huo huo maana hewa ya Ubud ina unyevu, na kesho yake asubuhi msipange chochote chenye ngazi.